"Breadth" na "width": upana upi?

Kwa Kiswahili yote mawili ni upana. Waingereza wanayatenganisha. Mto, mlango au kitambaa hupimwa kwa "width". "Breadth" siku hizi huelekea zaidi upana usioshikika, kama wa maarifa au uzoefu.

"Breadth" ndilo kongwe. Kiingereza cha Kale kilisema "brǣdu", ndugu wa "Breite" ya Kijerumani; mkia wa "-th" ukaongezwa baadaye kwa kuiga "length". "Width" likazuka karne ya 17 kwa kuiga "breadth", yaani mwigo wa mwigo! Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliliita neno duni. Leo ndilo linalotamba. Ukipima kitu kwa futi kamba, tumia hilo bila wasiwasi.