Meya wa baiskeli: nyota tano kwa zege, moja kwa paa

Leo natathmini kitu kisichouzwa dukani: njia za baiskeli za katikati ya jiji la Vancouver, Kanada, pamoja na meya wa zamani aliyezisimamia, Gregor Robertson. Kazi yangu ni kupeleka chakula kwa baiskeli, begi la mraba mgongoni, na mvua ya huku haiombi ruhusa. Njia zenyewe nazipa nyota tano. Mheshimiwa nampa tatu, na nitasema nyingine mbili zilidondokea wapi.

Tuanze na barabara ya Hornby, maana ndiyo ninayopita zaidi. Njia iko upande mmoja wa barabara, upande wa mashariki, na inapitisha wanaokwenda na wanaorudi. Kati yako na magari kuna masanduku ya zege yaliyopandwa mimea, na kwingine vyuma vya kufungia baiskeli. Hapo mtu ametenganishwa kwelikweli. Mstari wa rangi dereva anaukanyaga huku anatafuta simu yake. Zege akiligonga, atalisimulia kwa fundi. Kwenye makutano kuna taa ndogo yenye picha ya baiskeli, na anayetaka kukata kona kulia anazuiwa na mshale mwekundu mpaka sisi tupite. Ukiwa na supu ya moto mgongoni ndipo unaijua thamani ya taa hiyo.

Kuna na suala la milango. Barabara ambayo njia ya baiskeli ni mstari tu kando ya magari yaliyoegeshwa, macho yangu hayatulii: nachungulia kila kiti cha dereva kama kuna kichwa, kwa sababu mlango ukifunguliwa ghafla huna pa kukimbilia. Hornby natazama mbele kama binadamu wengine.

Njia hiyo na ya Dunsmuir zilijengwa 2010, mwaka wa Olimpiki ya majira ya baridi, na wenye maduka walipiga kelele kweli: wateja wataegesha wapi, biashara itakufa. Lakini vita halisi vilianzia darajani. Daraja la Burrard ni la 1932, na kwa miaka mingi waenda kwa miguu na baiskeli walibanana kwenye vijia vyembamba vya pembeni huku magari yakipita kando yao kwa kasi. Mwaka 1996 jiji lilijaribu kutenga leni moja kwa ajili ya baiskeli. Jaribio halikumaliza zaidi ya wiki, malalamiko yakaliua. Julai 2009 wakajaribu tena, Robertson akiwa hajamaliza hata mwaka ofisini. Watu walitabiri foleni isiyo na mwisho. Siku ikafika, magari yakapita, na leni haikurudishwa tena. Kama kuna siku moja iliyomfanya awe meya badala ya mgombea aliyeshinda, ni hiyo.

Na hapa lazima nieleze alikotoka, kwa sababu safari yake ilikwenda kinyume na desturi ya mji huu. Alikuwa mkulima, kisha mwaka 1994 akaanzisha na mwenzake kampuni ya juisi ya Happy Planet. Mwaka 2005 akachaguliwa mbunge wa jimbo la British Columbia, kiti cha Vancouver-Fairview, kwa tiketi ya chama cha NDP. Bunge la jimbo liko Victoria, ng'ambo ya maji, na chama chake kilikuwa upinzani. Mbunge wa upinzani anauliza swali, anajibiwa anavyojibiwa, anakaa chini. Waliokuwa mbele yake walipanda ngazi kwa mpangilio mwingine: Mike Harcourt alianza umeya wa Vancouver ndipo akawa waziri mkuu wa jimbo. Gordon Campbell vilevile, na ndiye aliyekuwa akitawala Victoria wakati Robertson amekaa viti vya upinzani. Yeye akashuka ngazi wenzake waliyoipanda. Mwaka 2008 aliuacha ubunge, akagombea umeya kupitia chama cha Vision Vancouver na kumshinda mpinzani wake, Peter Ladner.

Kampeni ile ilikuwa na kichekesho chake. Iliibuka kwamba mgombea wa usafiri wa umma alikuwa na faini ya dola 173 ambayo hajailipa, ya kupanda treni ya mjini, SkyTrain, kwa tiketi isiyotosha safari. Wapiga kura wakamsamehe. Mimi pia namsamehe, ingawa hiyo faini naifahamu ukubwa wake. Kwa mpeleka chakula ni pesa inayouma.

Je, alishuka cheo? Kwa karatasi, ndiyo. Meya wa Vancouver ana kura moja tu kati ya 11 barazani. Hana rungu la peke yake. Lakini mwaka ule Vision ilipata madiwani saba kati ya kumi, na ukiwa na saba hao, barabara za jiji ni zako. Alichokuwa hawezi kukigusa kwa miaka mitatu Victoria, hapa alikipitisha kwa kura ya jioni moja. Ndiyo maana alichaguliwa tena 2011 na 2014, akakaa miaka kumi mfululizo, na hakuna meya wa Vancouver aliyewahi kukaa mfululizo zaidi ya hapo.

Sasa nyota zilizodondoka.

Ahadi yake kubwa ya 2008 haikuwa baiskeli. Ilikuwa kumaliza tatizo la watu kulala mitaani ifikapo 2015. Majira yake ya kwanza ya baridi alifungua haraka malazi ya dharura, na kwa hilo anastahili pongezi. Lakini hesabu ya watu wasio na makazi mjini ilikuwa 1,576 mwaka 2008, na mwaka 2018, anaondoka, ilikuwa 2,181. Ninapokata mtaa wa East Hastings, wanakolala nje wengi, na oda ya mtu, sihitaji takwimu.

Watetezi wake husema jiji halina meno, na wana hoja. Vancouver inaendeshwa kwa sheria yake maalumu ya 1953 ambayo ni mali ya bunge la jimbo. Hata kodi ya nyumba zisizokaliwa, iliyoanza kwa asilimia 1 ya thamani ya nyumba tupu, haikuwezekana mpaka Victoria ilipobadilisha sheria mwaka 2016. Sawa. Ila huyu alikuwa mbunge huko huko Victoria! Kama kuna mgombea aliyejua kabla ya kuapishwa kwamba pesa za kujenga nyumba za watu wa chini haziko ukumbi wa jiji, ni yeye. Mtu mwingine akiahidi hivyo naweza kusema hakujua. Kwake yeye nasema alijua, akaahidi. Ahadi ya zege ilikuwa mikononi mwake na akaitimiza. Ahadi ya paa ilikuwa mikononi mwa watu aliowaacha ng'ambo, naye akaipigia kampeni kana kwamba ni yake.

Matokeo yake nayaishi kila siku. Njia zinaanzia ninapofanyia kazi, haziishii ninapolala. Kodi ya chumba karibu na Hornby siiwezi, kwa hiyo baiskeli napanda nayo treni asubuhi kuja kuendesha kwenye njia nzuri kuliko zote, halafu usiku narudi nayo.

Mwaka 2018 hakugombea tena, na Vision haikupata hata diwani mmoja. Kiti kilichukuliwa na Kennedy Stewart, kisha 2022 na Ken Sim. Hapo ndipo utaona kwa nini nasifu zege. Njia ya muda ya baiskeli kwenye bustani ya Stanley Park, iliyowekwa enzi za Uviko, iliondolewa baada ya uchaguzi wa 2022. Hornby na Dunsmuir ziko palepale. Ukitaka kazi yako iishi kuliko chama chako, mimina zege.

Robertson mwenyewe sasa amepanda zaidi: Aprili 2025 alichaguliwa bunge la taifa, na mwezi uliofuata waziri mkuu wa Kanada, Mark Carney, akamfanya waziri wa nyumba na miundombinu. Alipoulizwa mwanzoni kabisa kama bei za nyumba zinapaswa kushuka, alijibu hapana, kinachotakiwa ni nyumba nyingi zaidi, hasa za bei nafuu. Safari hii hazina iko upande wake wa meza. Nyota yangu moja ya paa inaweza kuongezeka, sina kinyongo.

Kwa mnaoanza kazi hii: kutoka katikati ya jiji kwenda Kitsilano, ng'ambo ya daraja la Burrard, shuka na Hornby mpaka mtaa wa Pacific, ndipo uingie darajani, usiparamie mtaa wa Burrard wenyewe pamoja na magari. Daraja linapanda mpaka katikati, kwa hiyo badilisha gia mapema. Majani ya vuli yakilowa njiani yanateleza, usifunge breki ya mbele peke yake. Oda za Point Grey Road zipokee bila kusita. Magari yanayopita tu yalizuiwa kule enzi za Robertson, watu wakalalamika, na leo matajiri wa kule ndio wenye barabara tulivu kuliko zote. Bakshishi zao si mbaya.