Chambres d'hôtes za Bourgogne: uzoefu wangu wa malazi penye mizabibu kwa bei nafuu

Kwa anayetaka kulala katikati ya mashamba ya mizabibu ya Bourgogne, Ufaransa, bila kulipa bei za hoteli za mji wa Beaune, chaguo langu la kwanza ni chambre d'hôtes: chumba nyumbani kwa mwenyeji, mara nyingi mkulima wa zabibu mwenyewe. Sheria ya Ufaransa inamruhusu kupangisha vyumba visivyozidi 5 kwa wageni wasiozidi 15, na kifungua kinywa lazima kiwe ndani ya bei. Vyumba vizuri vya watu wawili nimevikuta kati ya euro 75 na 100 kwa usiku. Mezani asubuhi kuna mkate wa siku hiyo, siagi, jamu ya nyumbani na kahawa, na mwenye nyumba yupo hapo hapo wa kumuuliza ni ghala gani la mvinyo linafunguliwa leo.

Kinachoamua bei ni kijiji. Meursault, Pommard na Puligny-Montrachet ni majina makubwa ya mvinyo, na jina hilo unalilipia hata kitandani. Panda kilomita chache kuelekea magharibi hadi vilima vya Hautes-Côtes, kwenye vijiji kama Saint-Romain, Meloisey au Nolay, na utapata nyumba za mawe zile zile kwa pesa pungufu. Huko lakini bila gari utataabika. Asiye na gari atafute Chagny. Si mji wa kupigia picha, ila treni za mkoa, TER, kutoka Dijon na Beaune zinasimama pale, na Rully, penye mvinyo wa bei ya kistaarabu kuliko majirani wake wa kaskazini, iko karibu kwa baiskeli. Santenay nayo haiko mbali, na hapo ndipo inapoishia njia ya baiskeli inayotoka Beaune, kama kilomita 22 kupitia Pommard, Volnay na Meursault.

Mtandao wa Gîtes de France hupanga nyumba kwa alama za masuke, kuanzia 1 hadi 5, kama hoteli kwa nyota. Masuke hayo yanapima vifaa na starehe, hayapimi uzuri. Nyumba ya masuke 3 yenye ua wa mawe na mti wa jozi inaweza kukufurahisha kuliko ya masuke 4 iliyojaa vifaa vipya. Mimi hutazama picha za ngazi na bafu kwanza: nyumba za zamani zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na sanduku kubwa ni mateso. Kuta nene huleta ubaridi mzuri Julai, lakini huzuia intaneti, kwa hiyo anayefanya kazi jioni aulize kabla.

Gîte, yaani nyumba nzima ya kujipikia, ni jambo jingine. Julai na Agosti nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi tu. Mashuka, taulo na usafi wa mwisho mara nyingi hulipiwa kando, wakati wa baridi hata umeme au kuni, na dhamana hudaiwa unapopokea funguo. Jumlisha vyote kabla hujasema ni rahisi. Kodi ya kulala, inayotozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, ipo karibu kila mahali.

Pa kuwa makini zaidi ni malipo ya awali. Mkataba ukiandika arrhes, ukighairi unapoteza ulichotanguliza na basi. Mwenye nyumba akighairi anakurudishia mara mbili. Mkataba ukiandika acompte, nyote mmefungwa, na anaweza kukudai zaidi ya ulichotoa. Kwa Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya Schengen, ambayo hudai uthibitisho wa malazi, hili ni zito: viza ikikataliwa, kwa acompte kitanda bado unaweza kukidaiwa. Kwa barua pepe mwombe mwenyeji aandike sharti la kurudisha fedha viza ikinyimwa. Wengi hukubali wakiulizwa mapema.

Usikimbilie chumba chenye dirisha la mizabibuni. Kuanzia Mei hadi Julai trekta refu za kunyunyizia dawa huanza kazi alfajiri, na dirisha utalifunga tu. Omba chumba cha upande wa ua. Septemba, msimu wa mavuno, vitanda huwa haba, na wikiendi ya Jumapili ya tatu ya Novemba, siku ya mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, hospitali ya kale ya hisani, bei hupaa mji mzima.

Baadhi ya wenyeji huandaa table d'hôtes, chakula cha jioni kwa waliolala hapo tu, menyu moja kwa wote. Ndicho chakula bora cha safari nzima, nashauri kisikose. Lakini mvinyo uko ndani ya mchuzi wa nyama ya ng'ombe na wa jogoo, na nyama ya nguruwe hutangulia mezani. Usiyekula au usiyekunywa sema siku unayoweka nafasi, maana hawapiki sufuria mbili kwa taarifa ya jioni. Table d'hôtes isipokuwepo, nunua chakula Jumamosi: mikahawa mingi ya vijijini hufungwa Jumapili jioni na Jumatatu kutwa.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nainyima kwa sababu ya wenyeji ambao bado hawapokei kadi. Tembea na euro taslimu.