Kioo kirefu kilinizidishia upepo: uzoefu wangu kati ya Dar na Singida

Nina pikipiki ya safari ya cc 650, na kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nafika niendako shingo imekakamaa na kichwa kinavuma. Chini ya kilomita 70 kwa saa hakuna shida yoyote. Ikifika 90 helmeti inaanza kutetemeka, halafu inapigwa kulia, kushoto, kulia, kama kuna mtu nyuma yangu anaichapa kwa viganja. Macho nayo yanatikisika, na maandishi ya kibao cha barabarani huyasomi mpaka uwe umekikaribia kabisa. Kati ya Gairo na Dodoma nilikuwa nasimama ili kupumzisha shingo tu, mafuta yamejaa na njaa sina.

Nikaamini dawa ni kioo kirefu zaidi cha mbele, kile cha kukinga upepo. Cha kiwandani kinaishia usawa wa kifua changu. Mimi nina urefu wa sentimita 180. Nilichoagiza kilikizidi kwa sentimita 14, cha polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), kinene, na matundu ya bolti yalikaa sawasawa bila kutoboa kitu. Pamoja na usafiri nilitoa shilingi 310,000. Kwa utengenezaji wake sina lawama hata moja. Hakikulegea wala kupata ufa.

Safari ya kwanza nacho ilikuwa Singida, mwezi Agosti, nimembeba mke wangu. Hadi Chalinze nilikuwa na furaha: kifua kimetulia, koti halipepei. Tulipoipita Morogoro barabara ikafunguka, nikapandisha hadi 90, na hapo nikapigwa kuliko nilivyowahi kupigwa. Likaongezeka na jipya: upepo ulinisukuma kutoka mgongoni, unataka kunilaza juu ya tangi. Mke wangu naye alikuwa anarushwa mbele, helmeti yake inagonga yangu kila baada ya muda mfupi. Wakati wa kurudi, kutoka Singida hadi Manyoni, upepo ulitupiga wa ubavu upande wa kushoto njia nzima. Tulipofika Manyoni alishuka, akavua helmeti, akasema, "Baba watoto, mimi kuanzia hapa napanda basi." Akapanda kweli. Iliniuma sana, maana hii pikipiki niliinunua ili tutembee wote wawili.

Nikiwa peke yangu, karibu na Bahi, barabara imenyooka na haina gari, nilijaribu kitu. Nikiwa kwenye 80 nilijiinua, nikasimama kidogo kwenye vikanyagio. Kimya! Upepo ulinipiga usoni kwa nguvu, lakini ulikuwa upepo mmoja ulionyooka, helmeti haitikisiki hata kidogo. Nikakaa, fujo ikarudi. Nikainama mpaka kidevu kikakaribia tangi, kukatulia tena. Kumbe juu kuna hewa iliyonyooka, chini kuna hewa iliyotulia, na kichwa changu kilikaa palepale zinapokutana.

Hewa inayokatwa na ukingo wa kioo haiendelei tu na safari yake. Nyuma ya kioo mgandamizo wa hewa unakuwa mdogo, kwa hiyo sehemu ya hewa inageuka kwa kasi kuja kujaza, na inapogeuka inajiviringisha, vimbunga vidogo vidogo kimoja baada ya kingine. Ndivyo vinavyochapa helmeti. Ukirefusha kioo unapanua ile nafasi tupu, na hewa inayoijaza inakupitia mgongoni. Ndiyo ile iliyokuwa inanilaza juu ya tangi.

Nyumbani nilikata uzi wa kufumia vipande vya kama sentimita 10, nikavibandika kwa gundi ya karatasi kwenye ukingo wa juu wa kioo na upande wa ndani. Shemeji yangu akaniendea sambamba na gari, mwenzake akirekodi kwa simu. Nyuzi za ukingoni zilikuwa zinachapa juu na chini. Za ndani zilinishangaza: zilielekea mbele, zimeshikamana na kioo, yaani hewa ilikuwa inatoka kwangu kwenda kwenye kioo. Ile video niliitazama mara nyingi. Kama unasumbuliwa na upepo, anza na nyuzi kabla hujatoa hata shilingi.

Basi nikarudisha kioo cha kiwandani, nikanunua kile kipande kidogo cha plastiki kinachobanwa juu ya kioo, kina mikono miwili unayoweza kuipandisha na kuilaza. Shilingi 85,000. Mara ya kwanza nilikibana kikagusana kabisa na kioo, na matokeo yakawa yaleyale ya kioo kirefu. Nilipokiinua kikaacha mwanya wa sentimita 3 hivi, nikakilaza nyuma kidogo, nyuzi zililala. Ule mwanya ndio kila kitu: hewa inayopita hapo inaziba ile nafasi tupu kabla vimbunga havijaumbika. Ilinichukua Jumamosi nne, alfajiri, kipande kilekile cha barabara baada ya Bunju kuelekea Bagamoyo, nikibadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuweka alama kwa kalamu.

Sasa kwenye 90 hadi 100 helmeti imetulia. Tumeshakwenda tena Singida na mke wangu, kwenda na kurudi, na hakushuka Manyoni. Mabega bado yanapata upepo, na mvua inanilowesha mikono kuliko kile kirefu. Kelele hazikuisha, zimekuwa mvumo mmoja badala ya vishindo, na bado navaa vizibo vya sponji masikioni, navyo nawashauri wote wavae. Nyuma ya lori hakuna kioo kitakachokusaidia, kwa sababu hewa imeshavurugwa kabla haijakufikia. Punguza mwendo likuache mbali, au lipite pakiwa salama. Lawama yangu kwa kipande hiki ni bolti zake, zinalegea kwa mtetemo. Nazikagua kila ninapojaza mafuta.

Kile kioo kirefu alikinunua shemeji, mwenye pikipiki kama yangu. Yeye ni mfupi, sentimita 163, na kichwa chake chote kinaingia kwenye kivuli cha upepo, yaani ile hewa iliyotulia nyuma ya kioo. Anakisifia kuliko kitu chochote alichowahi kufunga. Kwa hiyo usinunue kwa sifa za mtu mwingine kabla hujajua kichwa chako kinakaa wapi. Ila hata yeye nilimwambia ahakikishe anatazama juu ya ukingo, ukingo uwe usawa wa pua. Ukiifuata barabara ya Manyoni jioni, jua liko usoni, na kioo chenye vumbi, wadudu na mikwaruzo kinakuwa cheupe chote, huoni mbele. Akisafisha, alaze kwanza kitambaa kilicholowa maji kwa dakika kadhaa mpaka wadudu walainike, kisha maji na sabuni kidogo. Petroli asiiguse kabisa, inaipasua polikaboneti.