Miezi mitano na mashine ya kukata tambi za mboga, hapa Dodoma

Mashine hii niliinunua mwezi wa pili kwenye duka la vyombo karibu na soko la Majengo, shilingi 38,000 baada ya kuomba sana nipunguziwe. Sasa ni mwezi wa saba na haijapita wiki sijaitumia. Naandika kwa sababu kabla ya kununua nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyewahi kuwa nayo aniambie ukweli, na sikumpata.

Mimi ni dereva. Nina miaka kumi na sita kwenye gari la ofisi: Singida, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, narudi Dodoma usiku. Mama watoto yuko Iringa na wadogo, hivyo jikoni niko mwenyewe. Ukishafika nyumbani Nkuhungu saa tatu usiku, kusonga ugali wa mtu mmoja ni kazi. Nilikuwa nachemsha tambi nusu pakiti, natengeneza rosti ya nyanya na kitunguu, nakula, nalala. Maisha yakaenda hivyo miaka mingi.

Mwaka jana mwezi wa kumi nikapimwa kliniki asubuhi sijala kitu, sukari 9.8 (milimoli kwa lita). Wakarudia siku nyingine, haikuwa mbali na hapo. Kuanzia 7.0 ukiwa hujala unahesabiwa una kisukari, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nikapewa dawa, kisha dada wa lishe akaniuliza nakula nini usiku. Nilipomwambia, akachukua kalamu. Tambi kavu za ngano, katika kila gramu 100, karibu 75 ni wanga. Nusu pakiti yangu ilikuwa gramu 250. Aliandika jumla kwenye karatasi akanisogezea, nikabaki naitazama tu.

Ugali nilipunguza, wali nikaacha usiku, na sikuumia sana. Kilichonisumbua ni tambi. Siyo shibe yake. Ni ile kuzungusha uma na rosti imeshika kila uzi, peke yako, viatu umevua, siku imeisha. Binti yangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na huja Jumapili. Ndiye aliyenionyesha kwenye simu watu wa nje wanavyokata zukini, mboga ya kijani inayofanana na tango, ikawa nyuzi kama tambi. Akasema, "Baba, hii unaiweza."

Nilianza na kile kifaa kidogo cha mkononi, kinachofanana na kichongeo cha penseli, shilingi 8,000 kwa muuzaji wa mtandaoni. Sikishauri kwa mtu yeyote. Mboga nene haiingii mpaka uichonge kwanza kwa kisu, na ukikaribia mwisho vidole viko juu ya wembe. Wiki ya pili kilipasuka nikiwa nazungusha, kikanichana kidole gumba. Muuzaji hakupokea simu tena. Kama fedha yako ni hiyo 8,000, bora uiache mfukoni umenye mboga kwa kimenyeo cha viazi, upate vipande vipana kama utepe. Vinapikika vizuri kuliko unavyodhani.

Mashine yenyewe ni ya plastiki nyeupe, ina mkono wa kuzungushia, visu vitatu vya kubadilisha, na miguu minne ya mpira ya kunata mezani. Mboga unaikata ncha zote mbili ziwe bapa, upande mmoja unausimika kwenye meno ya mkono, upande mwingine unagusa kisu. Unasukuma taratibu huku unazungusha. Mara ya kwanza nyuzi zilipoanza kutoka upande wa pili, ndefu, hazikatiki, zinajikunja zenyewe kwenye beseni, nilisimama nikaziangalia. Zukini moja ilitoa uzi mrefu kuliko mkono wangu. Ndefu sana ni shida kula, kwa hiyo baada ya kukata napitisha mkasi mara mbili tatu.

Miguu yake hainati kwenye meza ya mbao. Nilihangaika siku tatu mashine inakimbia kila nikizungusha. Inataka sehemu laini kabisa, kama kigae kizima kisicho na mstari katikati, na uilowanishe kidogo mipira kabla ya kukandamiza. Mimi sina kaunta ya vigae, nilinunua kigae kimoja kikubwa nikakiweka juu ya meza, chini yake kitambaa. Tatizo likaisha.

Sasa mboga, maana hapa ndipo mtu wa Dodoma anapokwama. Video zote zinasema zukini. Majengo zinapatikana, lakini si kila siku, na bei yake ni ya wanunuzi wa hotelini. Mama mmoja ninayenunua kwake mboga miaka yote, tukisalimiana "Mbukwa" kwa Kigogo kabla ya biashara yoyote, aliniuliza nazifanyia nini. Nilipomweleza, akanitolea mumunye changa chini ya meza. "Hiki si ndicho hicho hicho, baba?" Na kweli. Zukini na mumunye ni za ukoo mmoja na boga na tango. Mumunye linalotakiwa ni changa, gumba lako likizama kwenye ganda bila nguvu, mbegu bado laini. Likikomaa, katikati panakuwa sufi, na mashine inatoa vipande vya kuchanika. Mvua zetu ni za mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, hivyo mwezi wa pili na wa tatu nilikula mamumunye kwa bei ya kuokota.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Kata kipande kibichi uguse kwa ulimi kabla ya kupika. Mboga za ukoo huu, mara chache, hutoka chungu kabisa, na uchungu ule ni sumu inayoumiza tumbo vibaya, na kupika hakuiondoi. Ukikuta chungu, tema na utupe lote. Usijaribu kuficha kwa chumvi wala pilipili.

Papai bichi ndilo lililonishangaza. Unamenya, unapasua, unatoa mbegu, na kwa kuwa kipande ni nusu duara mashine haikipendi, nyuzi zinatoka fupi. Lakini ndilo linalokaribia tambi kwa kutafunika. Lichemshe dakika tatu au nne, halilegei, halitoi maji. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya maana utomvu wake unawasha. Mama mjamzito asilitumie. Karoti nazo zinakatika vizuri sana, ila wanga wake ni karibu gramu 10 katika 100, wakati zukini ni kama 3 tu. Nachanganya moja kwa ajili ya rangi. Tango nililijaribu mara moja likayeyuka kwenye kikaango, sirudii.

Tambi za ngano zilizochemshwa zina wanga karibu gramu 30 katika kila 100. Ukiweka 3 hapo pembeni utaelewa kwa nini nimevumilia yote haya.

Maana sahani yangu ya kwanza haikulika. Nilizichemsha kama tambi za dukani, dakika nane, nikamwagia rosti. Nilipata supu ya kijani yenye nyuzi zinazoteleza, rosti inaelea. Zukini karibu asilimia 95 ni maji, na kila ukiipa moto wa taratibu inayaachia yote kwenye sahani yako. Kazi nzima ya mapishi haya ni kushughulika na maji. Mashine ni dakika mbili tu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nusu kilo ya nyuzi naziweka kwenye kichujio, nanyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, nageuza kwa mkono, naacha dakika ishirini juu ya bakuli. Wakati huo napika rosti. Nikirudi nazikuta zimelegea na chini kuna maji, nazimimina kwenye kitambaa safi, nakamua. Nakamua kwa nguvu kama mtu anayekamua tui. Siku niliyopima, maji ya chumvi na ya kukamua kwa pamoja yalikaribia nusu kikombe cha chai. Mwenye presha asiweke chumvi. Azitandaze kwenye kitambaa kikavu na azikaange kwa mafungu madogo madogo.

Kikaango kikavu, moto mkali, kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Mafuta yakianza kutetemeka tupa nyuzi, zitandaze, usijaze. Utasikia mlio mkali wa kuchoma. Mlio ukigeuka ukawa wa kutokota, ujue umejaza kupita kiasi na zinachemka badala ya kukaanga. Dakika mbili, geuza mara moja au mbili, epua zikiwa bado zinakinza meno kidogo. Usifunike. Mfuniko unarudisha maji yote uliyokamua.

Rosti nayo lazima iwe nzito. Nyama ya kusaga robo, kitunguu, kitunguu swaumu, nyanya nne, hoho, inapikwa mpaka mafuta yanajitenga pembeni na mwiko ukipita unaacha njia chini ya sufuria. Siku nyingine naweka vijiko viwili vya karanga za kusaga, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu karanga zinashika nyuzi za mumunye kuliko nyanya peke yake. Rosti inakaa juu, unachanganya mezani, unakula palepale. Ikikaa robo saa imeshaanza kutoa maji.

Je, ni tambi? Hapana. Kuna utamu wa ngano ambao mboga haina, na saa mbili baadaye njaa inarudi kama nyama ilikuwa kidogo. Nimejifunza kuongeza yai au dagaa. Lakini uma unazunguka, rosti inashika, na jioni yangu imerudi. Nina kipimo cha sukari nyumbani. Saa mbili baada ya sahani ya ngano kiliwahi kunionyesha 14.2. Baada ya sahani ya mumunye na nyama ileile, 8.3. Hiyo ni damu yangu mimi, yako itajibu kivyake.

Kipimo hicho ndicho pia kilichoniokoa, na hili nisingependa mtu alipitie. Wiki ya tatu nilikuwa na furaha mno na mashine yangu, nikabadilisha milo yote kwa mara moja. Asubuhi nilimeza dawa kama kawaida, na dawa yangu ni glibenklamaidi, ambayo inaushurutisha mwili utoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama hujala wanga wa kutosha. Mchana nikala mboga na kipande kidogo cha nyama. Saa tisa niko njiani kuelekea Manyoni, nimepita Bahi, mikono ikaanza kutetemeka kwenye usukani, jasho likanitoka na kiyoyozi kinafanya kazi. Niliegesha pembeni. Kipimo kikasoma 3.4. Chini ya 4 ni hatari. Kwenye gari nilikuwa na chupa ya maji na sukari kwenye kikopo, nikakoroga vijiko vitatu vya chai, nikanywa, nikasubiri dakika kumi na tano nikapima tena. Abiria wangu walikaa kimya nyuma. Sikuondoka mpaka nilipojua miguu yangu ni yangu.

Kesho yake nilikwenda kliniki, wakapunguza dozi na kunipangia upya. Daktari hakunikataza mboga, alinikataza kubadilisha chakula bila kumwambia. Kwa hiyo ukiwa kwenye dawa za namna hii au kwenye insulini, mtaarifu daktari wako kabla hata hujanunua mashine.

Kwa mashine yenyewe naipa nyota nne. Nyota moja naipunguza kwa usafi: nyuzi zinanasa katikati ya meno ya kisu na usipoziondoa mapema zinakauka kama gundi. Natumia mswaki mkuukuu na maji mara tu nikimaliza kukata. Maji yetu yana chumvichumvi, kisu kimoja nilikiacha kimelowa usiku kucha kikapata madoa ya kutu, tangu hapo nafuta kwa kitambaa. Pia inabakiza kigogo cha katikati, kirefu kama penseli, na kofia ya mwisho isiyokatika. Hivyo nakatakata natia kwenye mlenda, havipotei.

Safarini nabeba. Nyuzi zilizokamuliwa, mbichi, zinakaa kwenye kopo lenye kitambaa ndani. Rosti ya moto inakaa kwenye hotipoti peke yake. Nikifika Singida mchana namwaga nyuzi kwenye hotipoti, nafunga dakika tatu tu, joto la rosti linazilainisha kiasi kinachotosha. Wenzangu wanaagiza wali na kuku wa kienyeji. Nami naagiza paja la kuku bila wali, nafungua hotipoti yangu, nakula nao meza moja.