Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10: uzoefu wangu wa kuchagua muda Lichess

Mimi nimekulia kwenye drafti. Kijiweni kwetu ukikawia kusukuma kete watu wanakupigia kelele, na anayecheza haraka ndiye anayesifiwa. Ndiyo maana nilipofungua akaunti Lichess, tovuti ya kucheza sataranji mtandaoni, ili nijifunze mchezo huo, nikaona vile visanduku vya muda (1+0, 3+0, 5+3, 10+0, 15+10, 30+0 na vingine), nikagusa 3+0 bila kufikiri. Namba ya kwanza ni dakika anazopewa kila mchezaji kwa mchezo mzima. Ya pili ni sekunde unazoongezewa kila ukishacheza.

Nilikaa na 3+0 wiki tatu na sikujifunza kitu. Malkia wangu akiwa hatarini sioni, nashindwa, nabonyeza mchezo mwingine. Kosa la Jumatatu nalirudia Ijumaa, kwa sababu sikupata hata nafasi ya kujiuliza: mwenzangu amesogea pale anataka nini? Kwa anayeanza, swali hilo moja linaweza kula nusu dakika. Na mtandao wa simu ukikatika, saa yako haikusubiri, inaendelea kuhesabu.

Nikahamia 10+0. Hapo nilianza kuona ubao. Lakini kuna mchezo mmoja bado unaniuma. Nilikuwa na mfalme na malkia, mpinzani amebaki na mfalme mtupu. Saa yangu ilikuwa na sekunde tisa. Nikamkimbiza mfalme wake huku na huku, muda ukaisha, ikaandikwa sare. Sikupoteza kwa sababu tu yeye hakuwa na kete za kunifunga, yaani za kumbana mfalme wangu akose pa kukimbilia. Ukicheza vizuri kabisa, malkia anamfunga mfalme aliye peke yake kwa hatua zisizozidi 10, popote walipo. Mimi ningehitaji hata 20, sawa, lakini sekunde tisa zisizoongezeka hazikunipa hata hizo.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya namba ya pili. Wazo hilo la saa inayokuongezea muda Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, alilipatia hataza Marekani mwaka 1989, na namshukuru kwa dhati. Kwenye 15+10, hata ukibaki na sekunde chache, kila hatua unayoicheza inakurudishia sekunde 10. Ukiwa umeshinda ubaoni, unapata nafasi ya kumalizia kazi yako. Tangu nihamie huko sijapoteza tena ushindi wa wazi kwa saa.

Gharama yake ni muda. Mchezo wa hatua 40 unaweza kufika dakika 43 hivi ninyi wawili mkitumia saa zenu zote, ingawa yangu mingi inaisha mapema. Kwa hiyo sichezi kwenye daladala. Nacheza mmoja usiku, halafu nautazama upya kwa uchambuzi wa kompyuta, ambao Lichess ni bure kama vitu vyake vyote, wala hakuna matangazo. Huo mmoja na uchambuzi wake umenifundisha kuliko ile 3+0 kumi ya mfululizo.

Jambo lingine la kumtuliza anayeanza: alama za kupima uwezo wako kwenye michezo ya kasi na kwenye michezo ya polepole zinahesabiwa mbalimbali, kila kundi likianzia 1500. Zangu za 3+0 ziliporomoka vibaya, na hazikunifuata huku.

Kuna pia mchezo wa siku kadhaa kwa kila hatua. Nacheza hivyo na mpwa wangu aliye shule ya bweni, tumewekeana siku 14, akija likizo fupi anajibu. Ila kwa mgeni kabisa anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aguse 15+10, na zile 3+0 azisubirishe hadi aweze kumfunga mfalme kwa malkia bila kutazama saa.