Oligo za chipu kwa kuhifadhi data: nyota nne kati ya tano

Anayehifadhi faili ndani ya DNA asilipie usafi wa kiwango cha maabara ya jeni. Anachohitaji ni wingi wa mifuatano tofauti, na hapo ndipo huduma ya oligo (vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa) za chipu inapoiacha mbali ile ya safuwima, inayojenga mfuatano mmoja mmoja: maelfu ya mifuatano hujengwa kwa mpigo, kila mmoja kwenye doa lake, kisha yote hukatwa kutoka kwenye chipu na kuletwa ndani ya kichupa kimoja.

Kabla ya kuagiza, pima urefu. Kila besi, yaani herufi ya DNA (A, C, G au T), hupitia hatua nne: asidi huondoa kinga ya kemikali kwenye ncha ya mnyororo, besi mpya huungwa, minyororo iliyokosa besi huzibwa, kisha kiungo huoksidishwa. Uungaji ukifaulu kwa 99.5%, oligo za besi 200 zinazotoka kamili ni takriban 37%. Ukishuka hadi 99%, hubaki kama 13%. Ndiyo maana unyevu kidogo tu katika asetonitrili, kiyeyusho cha kazi hii, ni balaa, kwani maji huimaliza fosforamiditi (besi iliyoandaliwa kuungwa) kabla haijafika kwenye mnyororo. Asidi nayo ikikawia hung'oa A na G, na mnyororo hukatika baadaye.

Katika besi 200, ondoa praima mbili za besi 20 (vipande vya mwisho vinavyoanzisha unakili) na anwani ya 16, inayoonyesha nafasi ya kipande katika faili. Zinabaki 144, sawa na baiti 36 kabla ya kurekebisha makosa. Urefu huo unalipa kama mtengenezaji anathibitisha 99.5%, la sivyo, agiza 150.

Nyota moja imepotea kwa sababu nakala hazilingani. Mifuatano mingine hujaa, mingine haionekani kabisa, na PCR (mbinu ya kunakili DNA kwa mizunguko) huongeza pengo hilo kila mzunguko. Punguza mizunguko, weka GC (sehemu ya herufi G na C) kati ya 45% na 55%, na usirudie herufi moja zaidi ya mara tatu mfululizo. Iliyopotea ifidiwe na msimbo wa kurekebisha makosa: mwaka 2017 Yaniv Erlich na Dina Zielinski walirudisha megabaiti 2.14 bila kosa kutoka oligo 72,000, ziada ikiwa 7% tu.

Utengenezaji kwa vimeng'enya unavutia kwa kuwa hufanyika majini, bila asetonitrili. Tatizo ni kukizuia kimeng'enya kisiongeze herufi ileile mara kadhaa. Kwa data hilo lina dawa: andika taarifa kwenye badiliko la herufi, si kwenye idadi yake.

Mzigo ukifika, zalisha nakala kutoka sehemu ndogo tu. Kilichobaki kikaushwe na kuwekwa kwenye baridi kama nakala mama.