Sekondari ya umma kitongojini Chicago: nyota tatu na nusu, na namba zake zinavyosomwa

Naandika kama mzazi aliyeitumia shule hii kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Ni sekondari kubwa ya umma katika vitongoji vya Chicago, jimbo la Illinois. Jina naliacha, maana ninayoyasema yanazihusu nyingi za aina yake. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Walimu na maabara wanastahili nne na nusu. Namna inavyowagawa wanafunzi ndani ya jengo moja haizidi mbili.

Anayefikiri kitongoji maana yake ni Wazungu watupu, amechelewa miaka mingi. Wamo Walatino, Weusi, Waasia, Waarabu, na sasa watoto wetu wa Kiswahili, wengi kutoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi. Kuna anayekuja na gari lake mwenyewe na kuna anayekula chakula cha bure, na wote wanatumia korido moja. Usitishwe na asilimia ya "kipato cha chini" kwenye ripoti ya jimbo. Ndani yake wamo wanaostahili chakula cha bei nafuu, na kiwango hicho kinafika 185% ya mstari wa umaskini. Familia ya wazazi wawili wenye kazi za ghala inaweza kabisa kuwa humo.

Sasa ufaulu. Wengi wetu tunafungua Illinois Report Card, yaani ile ripoti ya jimbo kuhusu kila shule, tunatazama wastani wa shule, tunalinganisha na shule jirani, tunahama nyumba. Wastani huo unakueleza zaidi nani ameingia shuleni kuliko alichofundishwa. Chukua shule mbili za kufikirika. Ya kwanza ina 80% ya wanafunzi wenye uwezo wa kifedha, na 60% ya hao wanafaulu; kati ya 20% wenye kipato cha chini wanafaulu 20%. Wastani: 52%. Ya pili imegawanyika nusu kwa nusu. Wenye uwezo wanafaulu 66%, wa kipato cha chini 30%. Wastani: 48%. Ya pili imeizidi ya kwanza kwa mtoto tajiri na kwa mtoto maskini, lakini kwenye orodha iko chini. Kwa hiyo bonyeza sehemu ya makundi, tafuta kundi la mwanao, kisha ulinganishe kundi kwa kundi. Sheria ya shirikisho ya 2015 inalazimisha matokeo yagawanywe hivyo. Kundi likiwa dogo mno, namba hufichwa ili watoto wasitambulike. Nafasi tupu haina maana ya sifuri.

Mtego mwingine ni wa miaka. Hadi 2024 wanafunzi wa darasa la 11 Illinois walifanya SAT, mtihani wa kuombea chuo, kama mtihani wa jimbo, na kufaulu kulihitaji 540 katika kila upande, Kiingereza na hisabati. Mwaka 2025 jimbo likahamia ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, na likaweka mipaka mipya: 18 kwa Kiingereza, 19 kwa hisabati. Mipaka hiyo ni laini kuliko ile ya zamani. Shule yoyote inayojisifu kwamba ufaulu wake "umepaa" kati ya miaka hiyo miwili inakuuzia mbuzi kwenye gunia. Vilevile usilinganishe na jimbo ambalo SAT hufanywa na wanaotaka tu, maana huko wanyonge hawamo kwenye hesabu.

Hizo lebo za jimbo nazo zisome kwa makini. Ya juu kabisa huwaendea 10% ya shule, na sharti ni kwamba pasiwe na kundi lililoachwa nyuma. Inayofuata imebeba shule nyingi mno kiasi kwamba haikuambii kitu: yaweza kuwa nzuri sana au ya kawaida tu. Ninayoichunguza mimi ni lebo ya shule "zilizolengwa", kwa sababu maana yake kuna kundi mahususi linalofanya vibaya kama shule za mkiani jimboni, hata kama jengo ni jipya na timu ya mpira inashinda.

Kiini cha tathmini yangu ni hisabati. Hapa kwetu, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Chicago, wilaya ya sekondari ni tofauti na wilaya za msingi zinazoilisha. Watoto wa darasa la 9 wanatoka wilaya kadhaa, na si zote zilizofundisha aljebra ya kwanza darasa la 8. Hesabu ngazi mwenyewe: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, prikalkulasi, kalkulasi. Ni ngazi tano, na sekondari ina miaka minne. Anayeanza na aljebra ya kwanza darasa la 9 hafiki kalkulasi ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), hata awe na akili kama moto, isipokuwa asome jiometri na aljebra ya pili kwa pamoja darasa la 10, au asome ngazi moja kiangazi. Hakuna aliyetupigia simu kutueleza hilo. Upangaji unafanyika katikati ya darasa la 8, barua inakuja kwa Kiingereza, na usipopinga ndani ya muda uliotajwa, kimya chako kinahesabiwa kuwa ndiyo. Ingia darasa la kalkulasi na utazame sura, kisha ingia la hisabati ya kawaida. Utadhani ni shule mbili. Nyota zilizopotea zilipotelea hapo.

Mtoto akishafika kwenye AP, huduma ni ya daraja la kwanza. Mtihani ni wa Mei, alama 1 hadi 5, na vyuo vikuu vya umma vya Illinois vinatakiwa kisheria kutoa krediti, yaani kulihesabu somo kuwa limeshasomwa, kwa 3 kwenda juu. Hiyo ni ada ya chuo inayookolewa. Ada ya mtihani hupunguzwa kwa kipato cha chini, lakini lazima uulize mapema, kwa sababu usajili hufungwa msimu wa vuli.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha darasa la 9: mwanafunzi awe na krediti zisizopungua 5 za mwaka mzima na asiwe na F (alama ya kufeli) zaidi ya moja ya muhula katika masomo ya msingi. Aliyekikosa kufika Juni, kuhitimu kwa wakati kunakuwa mlima. Shule yetu inakifuatilia vizuri: mshauri huita mzazi kabla muhula haujaisha. Utoro sugu huanzia 10% ya siku za shule, yaani takriban siku 18 kwa mwaka, na siku za ugonjwa zenye ruhusa zimo. Safari ya wiki nne nyumbani wakati wa masomo inatosha kumweka mtoto kwenye orodha hiyo.

Kuhusu asilimia ya kuhitimu: inahesabu walioingia darasa la 9 kwa pamoja, kisha wakamaliza ndani ya miaka minne. Anayehitimu mwaka wa tano anahesabiwa hakuhitimu, hadi uangalie namba ya miaka mitano au sita, ambayo nayo ipo kwenye ripoti. Kwa mgeni aliyekuja na miaka 17 bila krediti hili ni muhimu. Illinois inamruhusu kusoma bure hadi atimize miaka 21, kwa hiyo asikubali kusukumwa kwenda darasa la watu wazima kwa maneno ya mdomo. Lete matokeo ya kidato, hata nakala iliyochakaa, na uombe kila somo lipewe krediti yake kwa maandishi. Shule yetu ilitoa krediti za sayansi bila shida, ila ilisita kwenye historia.

Kiswahili chenyewe kina faida ambayo wengi hawaiombi. Shule ikiwa na wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja wanaojifunza Kiingereza, sheria ya jimbo inaitaka iandae programu ya lugha mbili kwa lugha hiyo; chini ya 20 inatoa msaada mwepesi zaidi. Idadi inaanzia kwenye fomu ya lugha ya nyumbani mnayojaza siku ya usajili, ndiyo inayofanya mtoto apimwe Kiingereza. Anayeandika "Kiingereza" kwa kuogopa mwanawe kudharauliwa, anawapunguzia wote hesabu. Usajili wenyewe unataka uthibitisho wa makazi, chanjo na uchunguzi wa afya wa darasa la 9. Hati za uhamiaji si sharti, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1982. Karani akiziomba, mwambie kwa upole amwite mkuu wa ofisi.

Kuna pia muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti na kwenye rekodi ya masomo kwa anayethibitisha Kiingereza na lugha nyingine. Mwombe mshauri apange upimaji wa Kiswahili darasa la 11, maana hapa kwetu upimaji wa lugha zisizofundishwa shuleni hauji wenyewe, na darasa la 12 ukiuliza mwezi wa nne utaambiwa nafasi imekwisha.